Upote wa upinde wa asili: uzi wa kuvulia umenipasulia ncha. Nyie mnatumia nini?

Mlenga Gunia (mwanzisha uzi)

Wakuu, poleni na majukumu. Natafuta watu wanaojua upinde, namaanisha ule wa mti, si hizi mashine za kisasa zenye magurudumu nchani.

Niko Mtwara mjini, upande wa Shangani. Mwaka juzi mjomba wangu wa Newala alinipa upinde wa mkole. Una urefu wa sentimita 160, na nikiuvuta mpaka kidevuni mizani ya ndoano ya jirani yangu muuza samaki inasoma kilo 18, ambazo ni kama pauni 40. Kabla hamjaniuliza: siwindi. Nina gunia la korosho nimelishindilia matambara, limeegemea mnazi nyuma ya nyumba, basi jioni nalipiga hilo mpaka giza liingie.

Tatizo langu ni upote, ile kamba ya upinde. Uliokuja na upinde ulikuwa wa mkonge pori, umekaa kwenye kenchi juu ya jiko miaka mingi, na siku ya kwanza tu ulikatika kwenye kitanzi kabla sijafika nusu ya kuvuta. Nikafunga mshipi wa nailoni, ule mnene. Unanyumbuka kama mpira, na mshale unakwenda kama mtoto aliyetumwa dukani wakati wenzake wanacheza. Kila asubuhi naukuta umelegea, naukaza, jioni umelegea tena.

Ndipo nikaenda feri nikanunua uzi mwembamba wa kusuka, wa kijani. Muuzaji akaniapia kwamba uzi mmoja unabeba kilo 40. Nikaukunja mara nne, nikafunga. Wakuu, mshale ulitoka na mlio, ta! Nikajiona nimefika. Mshale wa kumi na moja nikasikia sauti nyingine, kama mtu kavunja kuni kavu chumba cha pili. Kutazama, ncha ya chini imepasuka kufuata nyuzi za mti, kuanzia kwenye mkato anapokaa upote, kushuka chini urefu wa kidole cha kati. Upote wenyewe haujachubuka hata kidogo.

Nimeirudisha ncha kwa gundi nikaikaza kwa uzi, imeshika. Sasa naogopa kufunga kitu kingine bila kuuliza. Mjomba sijamwambia.

Dereva wa Mnazi Mmoja

Mimi utotoni tulifunga waya wa klachi ya pikipiki. Haukatiki ng'o! Jaribu.

Seremala wa Masasi

Mkuu wa waya wa klachi, tafadhali usimuue mwenzako. Waya ule ni mzito na ukipinda hapo pameumia, siku ukiachia unaruka usoni. Mlikuwa watoto, Mungu aliwafunika.

Mlenga, ngoja nikueleze kilichotokea, maana wengi hudhani upote mzuri ni ule usiokatika. Ukiachia, mikono miwili ya upinde inarudi mbele kwa kasi. Mshale unabeba sehemu kubwa ya ile nguvu na kuondoka nayo, ila si yote. Inayobaki lazima iishie mahali pale upote unaponyooka na kusimama ghafla. Kama upote unanyumbuka kidogo, unaimeza. Kama haunyumbuki kabisa, yote inakwenda kwenye zile ncha mbili. Mti wako ndio uliokuwa kiungo dhaifu, basi ukapasuka wenyewe.

La pili ni unene. Uzi mara nne wa namna ile ni mwembamba kama waya wa kukatia jibini. Umekaa kwenye mkato wa mti mtupu, na kila mshale unauma palepale. Hata kama usingepasua kwa kishindo, ungekata taratibu. Vidole vyako vya kuvutia haukuvisema, lakini nadhani navyo vina habari yake.

Kwa hiyo mshipi wa nailoni ulikuwa mpole kupita kiasi, uzi wa kusuka mkali kupita kiasi. Unatafuta wa katikati. Kwa upinde wa mti mmoja, ambao ncha zake hazijaongezwa pembe wala mfupa, mimi sifungi kitu kikali kuliko poliesta.

Swali: mshale wako una uzito gani? Mshale mwepesi mno unaacha nguvu nyingi nyuma, karibu sawa na kuachia upinde mtupu. Wapiga pinde wa jadi wengi hutaka grini (kipimo kidogo cha uzito) kama 10 kwa kila pauni ya mvuto. Kwa pauni 40 hiyo ni grini 400, sawa na gramu 26. Nenda kwa sonara akupimie.

Mlenga Gunia

Vidole vina malengelenge mawili, umejuaje.

Mshale nimeupima leo: gramu 15. Ni vijiti vya mwanzi.

Seremala wa Masasi

Gramu 15! Basi tumempata na mshirika wa uhalifu. Weka ncha nzito ya chuma mbele, au tafuta mwanzi mnene zaidi.

Binti Msuka Nyavu

Naingia kama mtoto wa mvuvi wa Mikindani, upinde sijui ila nyuzi nimekulia ndani yake. Watu wanasema "uzi wa nyavu" kana kwamba ni kitu kimoja. Pale feri utauziwa nailoni, poliesta na za aina ya plastiki, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui, anajua rangi na bei.

Ukitaka kujua unachonunua, omba kipande cha urefu wa shibiri. Kitie kwenye bakuli la maji na ukisugue kwa vidole hewa itoke. Kikielea, hiyo ni polithilini au polipropilini. Hata ule wa kusuka wa bei mbaya unaokaribia kutonyumbuka kabisa ni ndugu wa polithilini, ndiyo maana nao unaelea. Nailoni na poliesta vinazama. Sasa kitoe, kikauke, ukiwashe kiberiti ukiwa nje: poliesta inatoa moshi mweusi wenye masizi, nailoni moshi wake ni mweupe zaidi. Babangu alikuwa anafanya hivi mbele ya mwenye duka bila aibu.

Nailoni inapendwa baharini kwa sababu hiyo hiyo uliyoilalamikia. Samaki mkubwa akivuta ghafla, mshipi unanyumbuka badala ya kukatika. Umekichukua kifaa cha kumchosha samaki ukataka kirushe mshale.

Mlenga Gunia

Dada umenimaliza 😂. Nimejaribu ule wa kijani kwenye bakuli. Unaelea.

Njomba Liwale

Nyuzi za dukani zote za nini? Huku Liwale wazee walitumia kano, na kano ndiyo upote. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi mpaka leo pinde zao wanazifunga kano za wanyama, na pinde zile ukipewa uvute utaaibika mbele ya watu.

Kwa kuwa kuwinda bila kibali ni kosa, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haina utani, nenda machinjioni ukaombe kano za miguu ya nyuma ya ng'ombe. Mara nyingi wanakupa bure, wanakuona kichaa tu. Safisha nyama yote, anika kivulini mpaka ziwe ngumu na za rangi ya kaharabu. Kisha gonga kwa nyundo ya mti, usitumie chuma, chuma kinakata. Zitaanza kuchanika nyuzi nyuzi nyeupe kama mvi. Hapo unazilowesha mdomoni, unasokota, kila moja ikikaribia kuisha unaingiza nyingine. Usingoje ziishe zote mahali pamoja. Mate yanatosha kuwa gundi, maana kano ina gundi yake ndani.

Kazi ya siku mbili tatu, na midomo itauma.

Mwalimu wa Ndanda

Njomba umesema kweli tupu, ila umemwachia mwenzetu shimo. Wewe uko Liwale, yeye yuko Shangani, mita chache kutoka baharini. Kano ikilowa inalainika na kurefuka. Kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua zikiwa zimeshika, na upepo wa bahari ule, upote wa kano utamtesa zaidi ya mshipi.

Kuna kisa wanachopenda wanahistoria wa vita. Mwaka 1346 huko Crécy, Ufaransa, mvua ilinyesha kabla ya mapigano, na kuna waandishi wa zamani waliosema nyuzi za pinde za mtambo za Wagenoa, waliopigana upande wa Wafaransa walioshindwa, zililowa zikalegea, wakati Waingereza walizitoa nyuzi zao kwenye pinde na kuzificha zisilowe. Sehemu gani ya kushindwa ni mvua na sehemu gani ni mambo mengine, wabishane wao. Mimi kwangu somo la sayansi darasa la sita linaishia hapo: uzi uliolowa.

Nyuzi za mimea ni tofauti. Kitani ikilowa haipotezi nguvu, na kamba ya mkonge iliyosokotwa ikipata maji inavimba na kujifupisha. Waliowahi kuanika nguo kwenye kamba ya katani usiku wa mvua wanajua. Adui wa mimea ni kuoza, na moshi na joto la kenchi miaka kumi. Kwa hiyo ule upote wa mjomba usiuhukumu kwa siku ile.

Kwa kupima, kanuni ninayoitumia: upote wote ubebe angalau mara nne ya mvuto wa upinde. Kilo 18 mara nne ni 72. Usiamini maandishi ya dukani wala kiapo cha muuzaji. Ning'iniza uzi mmoja kwenye tawi, funga ndoo, ongeza maji lita moja moja mpaka ukatike. Lita moja ya maji ni kilo moja, mizani ya bure hiyo. Ukishajua uzi mmoja unabeba ngapi, gawanya.

Halafu usiongeze nyuzi kwa woga tu. Kama theluthi ya uzito wa upote huhesabika kana kwamba umeubandika kwenye mshale. Upote mnene kama kamba ya mbuzi ni salama, na ni mzembe.

Dereva wa Mnazi Mmoja

Mwalimu, na mimi na waya wangu wa klachi tulikuwa tunabandika kilo ngapi? Nauliza tu.

Mpiga Shabaha wa Zamani

Niliishi ughaibuni miaka, nikajiunga na klabu ya upinde huko. Kwa pinde za mti na za zamani wote walikuwa wanafunga dakroni, ambayo ni poliesta ileile anayoisema Seremala, ila imetengenezwa kwa kazi hii. Jina la kwenye kigunzi cha uzi huwa B-50 au B-55. Hesabu tuliyofundishwa: mvuto wa pauni 25 hadi 35 nyuzi 10, pauni 35 hadi 45 nyuzi 12, pauni 45 hadi 55 nyuzi 14, zaidi ya hapo 16. Wewe wa pauni 40 ni nyuzi 12.

Zile kali zisizonyumbuka walizifunga wenye pinde za kisasa zilizoimarishwa ncha. Kabla ya hizo kulikuwa na Kevlar, uzi ule wa fulana za kuzuia risasi. Wazee wa klabu walikuwa wanaisimulia kama mtu anavyosimulia ajali: haikunyumbuka, mshale ulikuwa wa kasi nzuri, halafu siku moja inakatika bila kutoa dalili yoyote, mara nyingi palepale anapokaa mshale.

Kuagiza dakroni mpaka Mtwara ni gharama na kungoja. Nina mabaki ya kigunzi, lakini niko Dodoma sasa.

Bibi Nambunga

Wajukuu zangu wananisaidia kuandika. Huo mkonge pori mnausema kwa kuupita tu. Mimi nimeuchakata.

Ni ule wenye majani magumu ya mabaka, unaota vichakani kwenye kivuli, siku hizi watu wa mjini wanaupanda kwenye ndoo sebuleni wanasema unasafisha hewa. Si mkonge wa shambani kama wa Kikwetu. Ule wa shambani nyuzi zake ni nene na kavu, ukizikunja kwenye kitanzi zinavunjika moja moja. Wa porini ni laini kama nywele.

Unachagua jani refu lisilo na kidonda. Unaliweka juu ya ubao, unalikandamiza kwa mgongo wa kisu, unavuta kuelekea kwako. Ute wa kijani unatoka, nyuzi zinabaki. Unageuza, unaparua upande ulioshikilia. Unasuuza, unaanika kivulini, kwenye jua zinakakamaa. Kusokota ni pajani. Mafungu mawili unayasukuma mbele kwa kiganja yajipote, halafu unarudisha nyuma yakumbatiane. Kupota na upote, mnasikia wenyewe. Majivu kidogo kiganjani yasiteleze.

Upote mpya hunyumbuka siku ya kwanza, unaukaza, basi. Ila usiuweke juu ya jiko. Huyo mjomba aliuweka kama bakora.

Mlenga Gunia

Shikamoo bibi. Nimesoma mara mbili. Kichaka cha mkonge pori kipo njia ya Msimbati, Jumamosi nakwenda na kisu.

Wakati huohuo nimefanya la Mwalimu. Fundi viatu wa Chikongola ana uzi wa poliesta wenye nta, ule anaoshonea soli. Kanipa kipande cha kujaribia na kuniuzia kigunzi kwa elfu tatu. Nimeupitisha kwenye jaribio la Binti Msuka Nyavu: umezama, na moshi ni mweusi. Nikafunga ndoo kwenye tawi la mwembe. Ilipofika lita nane uzi ukakatika, ukijumlisha ndoo yenyewe ni kilo tisa. Maji yote yakamwagikia miguu ya mke wangu aliyekuwa anapita, na hilo lina uzi wake mwingine.

Kilo 72 gawanya kwa tisa ni nyuzi nane. Nifunge nane?

Mwalimu wa Ndanda

Jaribio zuri, na mpe shemeji pole. Nane ni kima cha chini kabisa, na kila penye fundo uzi hupoteza nguvu. Vitanzi usivifunge fundo kabisa: gawanya nyuzi mafungu mawili, yasokote pamoja kitanzini na kurudisha mikia ndani ya upote. Funga 12. Hiyo ni kilo 108, na unene utakuwa mzuri kwa mkato wa mti na kwa vidole.

Seremala wa Masasi

Naongezea matatu.

Upote uwe mfupi kuliko upinde. Kwa upinde ulionyooka, tuseme sentimita saba au nane pungufu. Ukiufunga, weka ngumi yako kwenye mpini na usimamishe dole gumba: ncha ya dole iguse upote. Ukiwa chini ya hapo upote utakuchapa kigasha, ukiwa juu sana unautesa mti. Ukitaka kurekebisha kidogo usifungue kitanzi, ongeza au punguza mizunguko ya kusokota.

Katikati, anapokaa mshale, zungushia uzi wa pamba wa kushonea, ukikazwa vizuri, urefu wa shibiri hivi. Hapo ndipo panaposuguliwa na vidole na mshale. Unene wake upime hivi: pachika mshale, uache uning'inie ukitazama chini. Usianguke wenyewe, lakini ukigonga upote kwa kidole uanguke. Ukikwama sana, mkato wa mshale nao utapasuka siku moja, na kijiti kilichopasuka karibu na uso si mchezo.

Mwisho nta. Nta ya nyuki ya Nachingwea, sugua mpaka upote uwe na joto mkononi. Na ile ncha uliyogandisha, kabla ya kufunga, bandika kipande cha pembe ya ng'ombe au mti mgumu kwenye mkato. Mimi nina vipande vya mpingo, ukija Masasi nitafute.

Njomba Liwale

Kwa hiyo upinde wa mkole wa Newala unafungwa uzi wa viatu, na sisi tunakaa kimya tunasema asili asili.

Mpiga Shabaha wa Zamani

Njomba, yule mtu wa barafu aliyepatikana milimani kati ya Austria na Italia mwaka 1991, ameishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na kwenye podo lake kulikuwa na kamba ya kano za mnyama ambayo wataalamu wanaiona kuwa upote. Alikuwa na kano, akatumia kano. Angepita Chikongola angenunua kwa fundi.

Njomba Liwale

Angepewa elfu tano huyo, mgeni.

Mlenga Gunia

MREJESHO, wiki tatu baadaye.

Nimefunga nyuzi 12 za fundi viatu, vitanzi vya kusokota, katikati uzi wa pamba, nta juu. Ncha zote mbili nimezibandika pembe. Siku ya kwanza upote ulirefuka ukasogea karibu na mpini, ngumi na dole vikawa haviingii tena, nikaongeza mizunguko sita. Siku ya pili miwili. Tangu hapo umetulia, hata usiku ule wa mvua kubwa. Mishale nimeipa ncha za chuma, sasa ni gramu 27. Mlio si ule "ta" wa kijani, ni mzito, kama mtu anakung'uta mkeka. Kwa hatua ishirini na tano naliingia gunia mara nane kwa kumi, zile mbili ni mimi.

Upote wa mkonge pori nimeusokota pia, bibi. Wa kwanza ulikuwa na vinundu kama tasbihi, nimewapa watoto. Wa pili nimeuzungusha kwenye kigogo ndani ya chumba, mbali na jiko.

Jumapili mjomba alikuja toka Newala. Niliuweka upinde mahali pa wazi makusudi. Akauchukua, akaudonoa upote kwa ukucha, akausikiliza. Akapitisha dole gumba juu ya ile pembe, akafika kwenye gundi, akasimama hapo.

Akaniuliza: "Hii ncha ilikuwaje?"

Binti Msuka Nyavu

Ukamjibu nini?

Mlenga Gunia

Nikamkaribisha chai.